Mkono wa Salamu Wodini

(Mazungumzo na vijana kabla ya ziara ya wagonjwa)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu, kesho baada ya Alasiri inshallah tunakwenda hospitali na tende na maji, kama kawaida yetu kila Ramadhani. Nimeombwa niseme machache kwa sababu mimi ndiye ninayesomea mambo ya maabara. Sitazungumzia fadhila za kumzuru mgonjwa, hizo mmezisikia chuoni tangu utotoni. Nitazungumzia mikono yetu.

Mwaka juzi mjomba wangu alipasuliwa tumbo. Siku ya tano kidonda kikaanza kutoa usaha. Akapigwa sindano za antibayotiki, homa haikushuka. Zikabadilishwa, wapi! Mwishowe usaha ukapelekwa maabara, vijidudu vikaoteshwa na kujaribiwa kwa dawa moja moja. Karatasi ya majibu niliiona kwa macho yangu. Palipoandikwa S, dawa bado inaua. Palipoandikwa R, mdudu ni sugu, dawa haimfanyi kitu. Ilikuwa R, R, R mpaka chini kabisa, ndipo zikaja S mbili. Mdudu mwenyewe aitwa Klebsiella. Alhamdulillah, moja ya zile dawa mbili ilipatikana, ingawa kwa bei iliyotufanya tuuze vitu vya nyumbani. Alilala wodini wiki saba.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Kila jioni nilikuwa nikiingia, nampa mkono wa kitanda cha kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka nimfikie mjomba, nimtengenezee shuka na kumshika bandeji. Ndiyo adabu niliyolelewa nayo. Siwezi kusema ni mimi niliyempelekea. Huenda alikuja nao mwenyewe, maana Klebsiella huishi matumboni mwa watu wazima wa afya bila kuwadhuru. Lakini pia siwezi kuapa kwamba si mimi.

Hebu fikirini wodi ilivyo. Wagonjwa wengi wako kwenye antibayotiki kwa wakati mmoja. Dawa huua vijidudu dhaifu, na vile sugu hubaki na nafasi tele ya kuzaana. Tena hupeana usugu wao! Kijidudu humpa mwenzake kipande cha maumbile kiitwacho plazmidi, hata kama si wa jamii moja. Dawa ya methicillin ilianza kutumika mwaka 1959 dhidi ya stafilokokasi, mdudu wa majipu na vidonda. Kufikia 1961 tayari Uingereza kulionekana stafilokokasi asiyeisikia. Na si mambo ya Ulaya tu: kwa hesabu ya wataalamu, mwaka 2019 watu kama milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya maambukizi sugu, na Afrika yetu kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Mtu ataniambia, mimi nina udhu. Udhu ni tohara ya ibada, na umetawadha msikitini, kabla hujagusa kitanda cha kwanza. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, safisha mikono: sanitaiza kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke, au maji na sabuni sekunde 40 hadi 60. Mikono ikiwa na uchafu unaoonekana, lazima maji na sabuni. Najua wako wanaoiogopa sanitaiza kwa ajili ya ile spiriti. Baraza la fiqhi la Rabita ya Makka lilipokutana mwaka 2002 liliruhusu alkoholi kutumika nje ya mwili kuulia vijidudu. Mwenye shaka amuulize ustadhi leo, si kesho mbele ya mgonjwa.

La pili nalipitia haraka. Wako ndugu wanaomeza dawa mara tatu kwa siku, na Ramadhani ikiingia wanaruka ile ya mchana kimyakimya. Usifanye hivyo. Mwambie daktari kuwa unafunga, pengine ipo ya mara moja au mbili, ya daku na futari. Na kama haipo, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, imo katika Suratul Baqara. Na zile kapsuli nne nne za kemisti kwa ajili ya mafua, acheni; mafua ni virusi, antibayotiki haiviui.

Kesho basi tusikae vitandani mwa wagonjwa, wala tusiguse bandeji na mipira ya dripu. Mwenye kikohozi au jipu abaki nje agawe maji. Salamu ya mdomo inatosha, na asiyeweza kujizuia kutoa mkono, chupa ya sanitaiza nitakuwa nayo mimi mlangoni.