Mpunga wa Mofu na Mkono wa Jirani
Msikilizaji, bonde la Kilombero, lililoingia mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, halinyweshwi na mto mmoja. Mito ya Udzungwa na ya milima ya Mahenge humwaga maji hapa, kisha mto Kilombero huyapeleka Rufiji. Vivyo hivyo kijijini Mofu, humo bondeni, mpunga ukiiva, kweleakwelea hawangoji; familia moja haiwezi kuvuna na kuwinga ndege kwa pamoja. Siku hizi vibarua wa kulipwa wanachukua nafasi ya ujima, majirani kusaidiana kazi bila malipo. Sina ugomvi na ujira. Lakini mjane asiye na fedha, mpunga wake uozee majini? Wenyeviti wa vitongoji, msimu huu anzeni na shamba lake.