Hofu ya Korona, Siri ya Ugonjwa na Haki ya Anayeosha Maiti

(Hotuba iliyotolewa mjini Tanga katika semina ya maimamu, walimu wa madrasa na vikundi vya kuosha maiti. Imefupishwa kidogo. – Mhariri)





Nimetakiwa nizungumzie hukumu za kumwosha aliyekufa kwa maradhi ya kuambukiza. Wenye semina wana haki ya kuuliza, kwani maradhi ya Marburg yalitangazwa mkoani Kagera mwaka 2023, yakatangazwa tena huko huko Januari 2025, na hayo huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa na hata wa maiti. Hukumu nitazieleza, nazo si ndefu. Lakini mwaka 2020 hukumu hizo zilikuwemo vitabuni, na vitabu vilikuwa rafuni mwangu, na bado hazikutufaa. Sharti kwanza niseme kwa nini.

Turudi nyuma. Tarehe 27 Februari 2020 Saudi Arabia ilizuia wageni kuingia kwa ajili ya Umra. Siku chache baadaye tukaona picha ya uwanja wa kutufu pembeni mwa Al-Kaaba ukiwa mtupu, unasafishwa. Nawakumbuka wazee waliolia mbele ya simu za wajukuu wao. Machi 13 ikaja kutoka Kuwait sauti ya mwadhini anayewaambia watu wasali majumbani mwao, na sauti yake imekatika kwa kilio. Tarehe 16 Machi akatangazwa mgonjwa wa kwanza nchini mwetu, kule Arusha, na kesho yake shule zikafungwa. Madrasa nazo zikafunga, na ustadhi aliyekuwa akiishi kwa ada ya watoto thelathini akabaki na uso wake tu.

Watu walisema mengi. Mwanzoni, ugonjwa ulipokuwa bado uko China, walikuwepo waliosema mimbarini kwamba hilo ni jeshi la Mwenyezi Mungu dhidi ya wanaowadhulumu Waislamu wa Uighur. Dhuluma ile ni ya kweli na inastahiki kulaaniwa. Lakini ugonjwa ulipoingia Iran, kisha Makka yenyewe, kisha mitaani kwetu, hatukumsikia hata mmoja wa wasemaji wale akirudi kusahihisha kauli yake. Wengine walisema Kiyama kimefika. Wengine wakasema hakuna ugonjwa, ni siasa za wakubwa. Wauza hirizi na makombe wakapata msimu, na juu ya hilo jumuiya yetu ilipiga kelele, kama kawaida yake. Tangawizi na ndimu zikapanda bei sokoni, na kila nyumba ikawa na nyungu yake. Mimi simkejeli aliyejifukiza. Mvuke si dhambi, na mtu mwenye hofu hushika kilicho karibu. Nililolichukia ni watoto kufunikwa blanketi juu ya maji yanayochemka, na mgonjwa kucheleweshwa hospitali kwa kuwa eti jana alipata nafuu.

Tuliwasema wauza hirizi. Sasa nijiseme mimi.

Katika darsa moja mwishoni mwa Machi 2020, msikiti ukiwa umejaa, niliwaambia watu kwamba anayetawadha mara tano kwa siku na akamtegemea Mola wake hana haja ya kuuhofu ugonjwa huu. Nilisema kwa sauti ya kujiamini, na watu wakaitikia kwa takbiri. Nilikusudia kuwatuliza. Kunawa ni jambo jema, na madaktari walikuwa wakilihimiza. Lakini maneno yale yalibeba ndani yake neno la pili ambalo sikulitamka, ila kila mtu alilisikia: atakayeugua, basi udhu wake una kasoro, au tegemeo lake ni bovu. Huyu mwenye hirizi shingoni na mimi mwenye kitabu mkononi tulikuwa tumeuza bidhaa moja.

Na wala sikuwa na udhuru wa kutojua. Nimekisomesha mara ngapi kisa cha tauni ya Amwasi, mwaka wa 18 Hijria, katika nchi ya Shamu! Khalifa Umar (R.A.) alifika Sargh, akaambiwa kuna tauni mbele, akashauriana na watu, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwa maana ya kwamba wanatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Abdurrahman bin Auf (R.A.) ndipo akaleta hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kuiingia nchi yenye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia. Hapa ndipo wengi wetu hufunga kitabu. Lakini je, baada ya hapo nani walikufa? Alikufa Abu Ubaida mwenyewe, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Alikufa Muadh bin Jabal, mjuzi wa halali na haramu. Akafa Yazid bin Abi Sufyan. Nani atathubutu kusema udhu wa watu hao ulikuwa na kasoro? Mtume (S.A.W.) amemhesabu Mwislamu anayekufa kwa tauni kuwa miongoni mwa mashahidi. Cheo alichokitukuza yeye, mimi nilikigeuza kuwa aibu.

Nyumba iliyosema "presha"

Ramadhani ya mwaka ule, 1441, iliingia mwishoni mwa Aprili. Katika kumi la pili alifariki mzee mmoja wa safu ya kwanza msikitini kwetu. Simtaji, na wanaomjua wamwombee. Nilifika nyumbani kwake baada ya sala ya alfajiri. Mwanawe mkubwa akanipokea mlangoni, akasema, "Sheikh, mzee alikuwa na presha tu." Nikamwambia, "Mwanangu, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," nikaita waoshaji. Walikuja wanne. Chumba kilikuwa kidogo, na mlango na dirisha vimefungwa kwa ajili ya sitara, kama tunavyofanya siku zote. Wana wawili wa marehemu waliomuuguza wakaingia kusaidia, na mmoja wao alikuwa akikohoa. Hakuna aliyevaa barakoa. Hakuna aliyeuliza, nami nikiwa wa kwanza.

Baada ya wiki moja waoshaji wawili waliugua. Mmoja alikaa kitandani wiki tatu akapona. Wa pili, aliyekuwa ameosha maiti za mtaa wetu kwa zaidi ya miaka ishirini bila kupokea hata nauli, hakunyanyuka. Siapi kwamba waliupata ugonjwa chumbani mle, kwani mwezi ule ulikuwa kila mahali. Madaktari wanatufahamisha kwamba korona huenea zaidi kwa pumzi ya walio hai, kwa hiyo yawezekana hatari iliyokuwa ndani ya chumba kile haikuwa maiti yule aliyelala kimya, bali sisi tuliosongamana kumzunguka. Ninaloweza kulisema kwa yakini ni kwamba watu wale wanne walikuwa na haki ya kujua, na hawakupewa.

Ilipita miezi. Yule kijana akanijia baada ya sala ya isha, akakaa, akasema, "Sheikh, tulijua. Baba alishindwa kupumua siku nne." Nikamuuliza kwa nini hawakusema. Akataja mambo mawili. La kwanza, walikuwa wameona katika simu mazishi ya usiku, watu wamevaa mavazi meupe ya plastiki, na mama yao akaapa kwamba mumewe hatazikwa bila kuoshwa na kusaliwa. La pili alilisema huku akitazama mkeka: "Na wewe ulitufundisha kwamba mwenye udhu haumpati. Tungesemaje, Baba alikuwa mtu gani?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu.

Mama yule simlaumu. Hofu yake ilikuwa hofu ya dini: alitaka mumewe apate haki nne za maiti wa Kiislamu, yaani kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Kama angejua kwamba sheria ina njia ya kumpatia haki hizo pamoja na kusema kweli, asingelazimika kuchagua. Njia hiyo ilikuwa kazi yetu kumwambia, nasi tulikuwa tukishughulika na makombe.

Ni kweli pia kwamba familia hazikuficha peke yao. Mwezi Mei 2020 hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo haikutolewa tena hadi mwaka uliofuata. Watu wakajifunza kusema "changamoto ya upumuaji". Qur'ani katika Surat An-Nisaa, aya ya 83, inawakemea wanaolitangaza kila jambo la amani au la hofu linalowafikia, badala ya kulirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka ili wenye ujuzi walichambue. Aya hiyo tumewasomea sana vijana wenye simu, na ni sawa. Lakini pale anayerudishiwa habari anaponyamaza, mwananchi huenda kwenye uvumi, kwa sababu hakuachiwa pengine pa kwenda.

Ndiyo maana nitamkumbuka Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Mwishoni mwa Januari 2021 chama chake kilitangaza waziwazi kwamba yeye, mkewe na baadhi ya wasaidizi wake wamepatikana na korona. Tarehe 17 Februari akafariki, akazikwa kwao Mtambwe, Pemba. Sizungumzii siasa zake, na humu ndani wamo waliompigia kura na wasiompigia. Nasema tu kwamba mtu wa heshima aliugua, ikasemwa anaugua nini, na heshima yake haikupungua hata kidogo. Kijana wangu yule aliniambia kwamba siku aliposikia tangazo lile ndipo alipoanza kufikiri kuja kwangu.

Hukumu zenyewe

Asili ni kwamba maiti huoshwa. Ikiwa wataalamu wa afya wanasema kuosha kunawezekana kwa kinga, basi huoshwa na watu wachache wenye glavu, barakoa na aproni, na dirisha likiwa wazi. Sitara ipatikane kwa pazia, si kwa kuziba hewa. Ikiwa kusugua kuna madhara, inatosha kumiminia maji mwili wote. Ikiwa hata maji hayawezekani, mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi'i husema atayamamishwe. Na ikiwa kumgusa kwenyewe ni hatari, kama katika Marburg ambapo mazishi husimamiwa na watu wa afya, wajibu usiowezekana huanguka, na maiti hapungukiwi na kitu mbele ya Mola wake. Atasaliwa kwa mbali, hata kaburini. Mtume (S.A.W.) alimsalia Najashi aliyekufia Uhabeshi, naye yuko Madina. Mtoto aliyekwama Muscat mwaka 2020 kwa kukosa ndege, mama yake akazikwa hapa, alikuwa na sala hiyo mkononi, na wachache walimwambia.

Kuhusu jamaa na Ijumaa, Ibn Abbas (R.A.) alimwamuru mwadhini siku ya mvua kuwaambia watu wasali majumbani, na alipoona wanashangaa akawaambia kwamba aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume (S.A.W.), alifanya hivyo. Ikiwa tope ni udhuru, sijui tulikuwa tunabishana nini.

Jambo moja la pembeni. Wakati ule matanga yalipungua, khitma za arobaini zikakosa watu, na baadhi yetu tukatabasamu kwamba bidaa imekufa yenyewe. Nilikuwa miongoni mwa waliotabasamu. Kisha nikapita kwa mjane yule, yuko katika eda, na kwa siku kumi na moja hakuna mkono uliobisha mlango wake ila wa muuza maji. Sunna inataka majirani wawapikie wafiwa, kwa kuwa wana la kuwashughulisha, kama Mtume (S.A.W.) alivyoagiza kwa watu wa nyumba ya Jaafar. Tuliiondoa sufuria ya bidaa, na sufuria ya Sunna hatukuipeleka. Ilikuwa rahisi kuiweka mlangoni na kurudi nyuma hatua tano. Kazi hiyo ilifanywa baadaye na akina mama wawili walio humu ukumbini, bila kuombwa na imamu yeyote.

Kwa hiyo katika msikiti wetu tumebadilisha utaratibu. Kiongozi wa waoshaji huuliza kwanza, faraghani, kwa mtu mmoja wa familia: mzee aliugua nini, siku ngapi, nani alimuuguza, nani sasa anakohoa. Analoambiwa halitoki nje ya waoshaji. Ni amana, na mtu mmoja aliyelitoa tumemwondoa kikundini. Nami darsa ile ya Machi 2020 nimeirudia mbele ya watu wale wale, nikasema nilikosea wapi. Takbiri hazikuwepo siku hiyo.

Kijana yule sasa ndiye anayeuliza maswali mlangoni. Kasha la glavu na aproni liko chumba cha nyuma cha msikiti, na mwezi uliopita barakoa zilikuwa zimebaki kumi na mbili. Atakayeweza kuchangia amwone baada ya semina. Amekaa pale karibu na mlango, mwenye kanzu ya kahawia.