Tuupime Udongo Kabla ya Kuulisha
Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Halmashauri ya Kilimo mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Liko pendekezo mbele yenu kwamba hazina ya misaada imnunulie kila mwanachama gunia moja la mbolea ya kupandia, wote sawasawa, kabla ya mvua za Oktoba. Nia ya waliolileta ni njema, wala hatuna neno juu yao. Lakini sisi wa Halmashauri twaomba fedha hizo zisitoke kwa namna hiyo, na hapana budi tueleze kwa nini.

Katika Ukambani njaa ikija lawama yote huwa ya mvua. Ni kweli mvua yetu ni chache, na mara nyingi hukatika mahindi yakiwa yanachanua. Lakini katika miaka ya 1980 watafiti wa Katumani, pamoja na wenzao wa Australia, waliona jambo ambalo lafaa tulifikiri sana: hata mvua inaponyesha vizuri, mashamba mengi hayawezi kuitumia, kwa kuwa udongo hauna naitrojeni ya kutosha. Maji yapo, lakini mmea hauna chakula. Yaani mwaka wa neema, ule ambao ungetujazia ghala za kutuvusha miaka miwili mibaya, hupita nasi tukavuna gunia chache tu.

Wazee mnakumbuka, au mlisimuliwa na baba zenu, jinsi nchi hii ilivyosemwa vibaya. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilisema udongo wa Machakos umekwisha, na Makueni ilikuwa ndani ya Machakos wakati huo. Mwaka 1938 ng'ombe wakachukuliwa kwa nguvu, watu wakaenda Nairobi kwa miguu kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Baadaye mitaro ilichimbwa kwa amri, na watu waliichukia. Lakini baada ya Uhuru tuliichimba wenyewe, kwa mwethya, akina mama wakiwa wengi kuliko wanaume, na ile namna ya kuchimba iitwayo fanya juu ikajulikana hata katika nchi nyingine kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuonyesha kwamba tangu 1930 hadi 1990 watu wa Machakos waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua.

Sifa hiyo ni yetu na hatuiachi. Ila mtaro kazi yake ni kuushika udongo usiende na maji, hauulishi. Gunia moja la mahindi la kilo 90 huondoka shambani na karibu kilo moja na nusu ya naitrojeni. Ukivuna magunia kumi, umetoa kama kilo kumi na tano, nayo ni zaidi ya iliyomo katika gunia zima la CAN la kilo 50. Mabua nayo twawapa ng'ombe. Fanyeni hesabu ya miaka thelathini, misimu miwili kila mwaka.

Basi mtu aweza kuuliza: kama udongo una njaa, kwa nini kukataa gunia la mbolea? Hatukatai mbolea. Twakataa kulisha bila kujua mlaji ana njaa ya nini. Katika karne ya 19 Mjerumani Justus von Liebig alieneza fundisho kwamba mavuno hufuata kile chakula kilichopungua kuliko vyote. Kikosekana kimoja, kuongeza vingine hakufai kitu. Gunia la DAP la kilo 50 lina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfati. Kwa shamba lililokosa fosforasi ni dawa. Kwa shamba lenye fosforasi ya kutosha lakini halina naitrojeni, fedha nyingi ya gunia hilo imezikwa bure.

Na mashamba yetu hayafanani. Wanachama wa Mbooni na Kilungu wako vilimani penye mvua zaidi, ambako maji huosha chokaa na udongo huelekea kuwa mchachu. Wa Kibwezi, upande wa Chyulu, wengine wanalima udongo uliotokana na volkano. Wa Mwingi na Mutomo wana ule mwekundu wa mchanga, unaofanya ukoko baada ya mvua ya kwanza. Na mabondeni uko mweusi unaopasuka kiangazi. Kuwapa wote hawa gunia la namna moja ni kama zahanati kumpa kila aingiaye kidonge kimoja, mwenye malaria na mwenye kuvunjika mguu.

Tumesikia pia wazee wakisema kwamba mbolea ya dukani huharibu shamba. Hawasemi bure. DAP ikitiwa mwaka baada ya mwaka bila samadi wala chokaa huzidisha uchachu, na ikigusana na mbegu mvua ikakatika, huiunguza. Mahindi hupenda udongo ulio kati ya 5.5 na 7 kwa kipimo cha uchachu, ambacho 7 ni katikati. Ukishuka sana chini ya hapo, fosforasi hufungwa udongoni na mmea hauipati, hata ukiimwaga kwa debe. Shamba la namna hiyo lataka chokaa kwanza, na hakuna ajuaye kwa macho.

Kuchukua udongo wa kupimwa si kazi ya mtaalamu, ila yataka uaminifu. Pita shambani kwa kuzungukazunguka, uchimbe mahali kumi na tano au ishirini, kina cha sentimeta 20, ukiondoa majani ya juu. Usichimbe penye kichuguu, wala chini ya mti, wala palipokuwa boma, wala ukingoni mwa mtaro, wala palipolundikwa samadi. Hapo utaipelekea maabara habari za uongo nayo itakujibu uongo. Changanya yote katika ndoo safi ya plastiki, si ile iliyobeba mbolea. Toa nusu kilo, ianike kivulini, itie mfukoni, andika jina, kijiji, na ulichopanda. Mtelemko na bonde visichanganywe. Majibu hayo si ya milele. Baada ya miaka mitatu au minne yafaa kupima tena.

Samadi twaipita upesi, kwa kuwa Bwana Shamba aliisema mwaka jana: iliyoachwa juani bomani nguvu yake imekwisha kupaa, na nusu yake ni mchanga. Ifunikwe. Mbaazi na kunde nazo ziendelee kupandwa katikati ya mahindi. Kunde ikichanua ing'oe moja, upasue vile vinundu vya mizizini: vikiwa vyekundu ndani, vinatengeneza naitrojeni, vikiwa vyeupe, havifanyi kazi. Kipimo hicho hakina malipo.

Ombi letu basi ni hili. Hatuombi kila mwanachama apimiwe peke yake, maana hazina haiwezi. Majirani wenye udongo wa namna moja na kilimo cha namna moja wajiunge kama mwethya, watoe fungu moja. Mafungu yapelekwe kwa afisa wa kilimo wa kaunti ili yafike maabara ya KALRO, Kabete. Fedha zitakazobaki zinunue kile ambacho karatasi itasema: hapa CAN, pale chokaa, kwingine DAP kidogo yenye kutiwa kwa kizibo cha chupa katika kila shimo. Huenda wengine wakaambiwa kwamba upungufu wao ni wa samadi tu, nao hawatapata gunia. Twajua litaleta manung'uniko, na twapenda yatolewe leo humu ndani kuliko njiani.

Ndoo na mifuko viko kwa Mwandishi. Kikundi ambacho hakitaleta fungu lake kabla ya mwisho wa Julai kitangoja mvua za Machi.