Nishani ya Shaba: Jiji Likimtuza Mvumbuzi, Mwananchi Hupata Nini?

Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi, wanafunzi na mafundi wa jua kali katika maonyesho ya sayansi na uvumbuzi ya kaunti.



Kila mara serikali inapotaja tuzo za sayansi, wananchi huuliza swali moja. Pesa za tuzo ni za nini, ilhali zahanati inahitaji dawa na barabara inahitaji changarawe? Swali hilo ni la haki na halifai kupuuzwa. Jibu moja linaweza kutafutwa katika jiji la Philadelphia, nchini Marekani, ambako wavumbuzi wametuzwa kwa zaidi ya miaka 200.

John Scott alikuwa muuza dawa katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Aliacha wosia kwamba dola 4,000 zikabidhiwe jiji la Philadelphia, na faida itakayotokana nazo iwatuze wanaume na wanawake wanaobuni vitu vya manufaa. Mshindi angepewa pesa zisizozidi dola 20 na nishani ya shaba yenye maneno haya: Kwa anayestahili zaidi. Tuzo ya kwanza ilitolewa mwaka wa 1822. Tuzo hiyo ya John Scott ingali hai, chini ya bodi inayosimamia amana za jiji.

Kuna mambo matatu ya kujifunza hapo.

La kwanza ni kwamba mtaji haukuliwa. Kilichotolewa ni faida yake, na ndiyo sababu tuzo imeishi kuliko kila aliyeianzisha. Tuzo inayotegemea hamu ya kiongozi mmoja huondoka naye.

La pili ni kwamba wosia uliwataja wanawake waziwazi, wakati ambapo wanawake wa Marekani hawakuwa na haki ya kupiga kura kote nchini. Haki hiyo iliingia katika katiba yao mwaka wa 1920. Mwaka uliofuata, nishani ya Philadelphia ilimwendea Marie Curie kwa ugunduzi wa radiamu. Hakuwa mkazi wa jiji hilo wala raia wa Marekani. Kazi yake ndiyo iliyoangaliwa.

La tatu ndilo kubwa. Kipimo ni manufaa. Haikutosha kitu kiwe cha ajabu, kilipaswa kumfaa binadamu.

Chukueni mfano ulio karibu. Mwanafunzi anapopeleka mahindi kwenye mashine ya posho inayotumia umeme, mota inayozungusha jiwe au nyundo za kusaga hutegemea kanuni aliyoivumbua Nikola Tesla karne ya 19. Alipewa hataza zake Marekani mwaka wa 1888. Philadelphia ilimtuza mwaka wa 1934. Mfano mwingine ni penisilini. Alexander Fleming aliitambua katika maabara ya London mwaka wa 1928. Wataalamu wengine, wakiwemo Howard Florey na Ernst Chain wa Oxford, walifanya kazi kubwa kabla haijawa dawa ya kumtibu mgonjwa. Fleming alipata nishani ya Philadelphia mwaka wa 1944.

Kwa hiyo dawa inayotakiwa zahanatini na mota inayosaga unga zilianza zikiwa wazo la mtu ambaye huenda majirani walimwona anapoteza muda. Asiyetaka kugharimia utafiti leo atanunua matunda yake kesho, kwa bei aliyopangiwa na wengine.

Hata hivyo, tuzo peke yake haimlishi mtu. Tesla alifariki mwaka wa 1943 katika chumba cha hoteli jijini New York, akiwa na madeni, ilhali viwanda vya dunia vilikuwa vikizungushwa kwa kazi yake. Mvumbuzi anahitaji makofi, lakini anahitaji zaidi ulinzi wa kisheria, mtaji na soko.

Hapo ndipo vijana wengi wa Kenya huumia. Fundi hutengeneza mashine ya kukata majani ya ng'ombe, huipeleka kwenye maonyesho, watu huipiga picha, na baada ya miezi michache mashine kama yake inauzwa mjini na mtu mwingine. Lawama hufuata, lakini karatasi hana.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, kifungu cha 11, inatambua nafasi ya sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Kifungu cha 40 kinaitaka serikali kulinda haki za ubunifu za watu wa Kenya. Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka wa 2001 inatoa njia ya kufuata kupitia taasisi ya KIPI. Hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, hudumu miaka 20. Kwa uboreshaji mdogo wa kifaa, ipo hati nyingine nyepesi zaidi inayodumu miaka 10.

Sheria hiyo humpa aliyekwisha kuonyesha uvumbuzi wake hadharani miezi 12 ya kuwasilisha ombi. Lakini nchi nyingi hazina nafasi hiyo, kwa hivyo ni salama kuomba kwanza, kisha kuonyesha. Kabla ya maonyesho, andika tarehe, hifadhi michoro na weka picha za kila hatua. Mwalimu anayemsimamia mwanafunzi amsaidie kufanya hivyo, na jina la mwanafunzi libaki kwenye kazi yake.

Nao waamuzi wa tuzo yoyote wana wajibu. Wasitazame ukubwa wa shule wala ufasaha wa Kiingereza. Waulize: Kifaa hiki kinafanya kazi? Kinamsaidia nani? Kinaweza kutengenezwa na kurekebishwa hapa? Mshindi akipatikana, wananchi waambiwe ameshinda kwa nini, na mwaka unaofuata waulize kazi yake imefikia wapi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Tuzo nzuri haishindani na dawa wala barabara. Ni mbegu ya dawa na barabara za miaka ijayo, mradi itolewe kwa haki na mshindi asiachwe peke yake baada ya picha kupigwa. Mzazi mwenye mtoto anayefungua redio ili aone kilichomo ndani, asimchape kwanza. Amuulize ameona nini.