Kompyuta Kuukuu, Vichupo Tele

Juni inayoyoma, saiba zimejaa watu wanaowasilisha ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla ya tarehe 30, na kompyuta yenye RAM ya GB 2 inakwama katikati ya fomu. Usikimbilie kulaumu mtandao; huenda tatizo ni kivinjari.

Kivinjari cha Chrome, kilichozinduliwa mwaka 2008, hutenganisha kurasa ili moja ikianguka isiziangushe nyingine. Mpango mzuri, ila unakula kumbukumbu, yaani RAM. Bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Utaona kila kichupo kinameza kiasi gani. Mara nyingi mlafi ni video iliyoachwa wazi tangu asubuhi. Ifunge. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya utendaji, uwashe kiokoa kumbukumbu. Vichupo usivyotumia vitalazwa. Hadhari tu: kichupo kilicholazwa hupakia upya ukikirudia, kwa hiyo hifadhi kazi yako kwanza. Viendelezi usivyovitumia, ondoa.

Na zile programu za “kusafisha RAM”? Achana nazo, nazo pia zinataka RAM! Wewe mwenye saiba, mwulize fundi kama mashine yako inakubali kuongezewa hadi GB 4 au 8.