Sare ya Askari na Dhamiri ya Mwumini



Kila zitangazwapo nafasi za ajira katika Polisi, Magereza na Uhamiaji, vijana wa wilaya ya Ileje, na hasa wa kata ya Ibaba, ambako udongo wa milimani hulisha watu walakini hauwapi mshahara wa mwisho wa mwezi, huanza kutafuta vyeti vyao vya kuzaliwa, namba za NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji. Maswali ya umri, urefu na matokeo ya mtihani hujibiwa na tangazo lenyewe. Lakini liko swali moja ambalo tangazo halijibu, nalo ni lile ambalo mzazi mcha Mungu humwuliza mwanawe faraghani: je, kazi ya kubeba bunduki, kukamata watu na kuwatia mahabusu yaafikiana na imani yetu?

Swali hilo si la ushamba, wala si geni. Kanisa la Moraviani, lililoota mizizi katika nyanda hizi tangu wamisionari wake walipofika Rungwe mwaka 1891, lilizaliwa Bohemia mwaka 1457 miongoni mwa watu waliofuata mafundisho ya Petr Chelčický, aliyeona kwamba upanga wa dola haupatani na Injili. Na kwa miaka mingi waumini wake walijitenga na silaha, viapo na vyeo vya serikali, hata mwishoni mwa karne hiyo ya 15 wakahitilafiana, na walio wengi wakaridhia kwamba mtu aweza kushika dhamana ya dola pasipo kuiacha imani. Katika Uislamu nako, mapokeo yamehifadhi habari za Kais bin Saad, aliyemtumikia Mtume mfano wa mkuu wa askari mbele ya amiri wake, na yamehifadhi vilevile habari za Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, ambaye aliukataa ukadhi wa Khalifa Mansur akawa radhi kutiwa gerezani. Maadamu kila dini ina mcha Mungu aliyeingia na mcha Mungu aliyekataa, si insafu kumwita wa kwanza mpotevu wala wa pili mwoga.

Wako ambao kwao shauri hili limekwisha katwa. Mashahidi wa Yehova hawashiki silaha. Na ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, madhehebu yao yalipigwa marufuku mwaka 1967, wakateswa kwa kukataa kununua kadi za chama tawala, na mwaka 1972 maelfu yao wakakimbilia nchi jirani. Dhamiri iliyolipiwa thamani hiyo haifai kufanyiwa mzaha. Kwa Msabato, aghalabu uzito hauko katika bunduki bali katika Jumamosi, kwa kuwa zamu ya kituo haijui Sabato, wala Ijumaa adhuhuri, wala Jumapili asubuhi. Mkuu wa kituo mwenye hekima aweza kupanga Mkristo ashike lindo siku ya Idi na Mwislamu alishike siku ya Krismasi. Lakini asiyeweza kabisa kufanya kazi siku yake takatifu ni heri alitambue hilo kabla ya kwenda mafunzo ya polisi Moshi kuliko baada ya kula kiapo. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 19 na ya 22, imempa kila raia uhuru wa dini na haki ya kufanya kazi. Haikumwahidi kwamba kila kazi itamfaa.

Hata hivyo, mtihani mkubwa hauko mlangoni pa ajira. Uko ndani. Tuseme askari mzaliwa wa milima hii aitwa usiku kijijini, akamkuta bibi kizee amejifungia ndani, na nje wamejaa watu wenye mawe na mapanga wakidai kwamba yeye ndiye aliyemloga mtoto aliyezikwa juzi. Na katika umati ule amwona mjomba wake, na pembeni ya mjomba, mzee wa kanisa. Yamkini askari huyu mwenyewe alilelewa katika hofu ya uchawi na hajaachana nayo. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, humwadhibu pia amtuhumuye mwenziwe kwa uchawi pasipo kufuata njia za sheria. Nayo haimtaki askari aseme kwanza anaamini nini, bali yampasa asimame mbele ya mlango ule, kwani uhai wa bibi haungoji imani ya askari itengenee.

Mtihani mwingine ni wa rushwa. Twendeni Tunduma, mpakani na Zambia, ambako malori hupanga foleni ndefu. Mwenye mzigo wa magendo amwendea askari waliyeimba naye kwaya, amsalimu kwa jina la Bwana, kisha amtilia noti ndani ya pasi. Hapo dini imegeuzwa dalali. Injili ya Luka yasimulia kwamba askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini, hakuwaamuru wavue sare. Aliwakataza dhuluma na mashtaka ya uongo, akawataka waridhike na mshahara wao.

Kwa hiyo naona kwamba kijana asiishie kuuliza kama kazi hii ni halali au haramu. Ajiulize, kabla hajaapa, ni amri gani hataitii. Akiagizwa ampige mtuhumiwa hadi akiri, amtilie mtu bangi mfukoni, au amkusanyie mkubwa wake fedha barabarani, atasemaje? Sheria yenyewe yamtaka atii amri iliyo halali tu, kwa hiyo katika hayo dini na sheria zinasimama upande mmoja. Wachungaji na mashekhe wanaowaombea vijana dua ya safari wawaulize swali hilo waziwazi; na aliye na jawabu, awe Mmoraviani, Mwislamu au Msabato, aende mafunzoni kwa amani, kwani wacha Mungu wakiikimbia sare kwa kuhofia madhambi, itavaliwa na wasiohofu.