Watu Watano wa Kolo



Umri wa michoro ya miambani ya Kondoa, Tanzania, na kuingizwa kwake katika orodha ya UNESCO mwaka 2006 mnavijua, sitawachosha. Kilichonisimamisha hapa ni jina. Pale Kolo, huko Kondoa, kuna watu watano wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Wa katikati anashikwa huku na huku. Mchoro huo umezoeleka kwa jina la “Utekaji”. Nani alimwona mtekaji?

Mwanaakiolojia Mary Leakey ndiye aliyeusoma hivyo, nami simbezi. Binti huyu wa mchoraji alipiga kambi Kondoa mwaka 1951, akalaza karatasi angavu juu ya mwamba na kunakili maumbo takribani 1,600, mstari kwa mstari. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Nakala yangu imeachia jalada kwa kufunguliwa, na bado naifungua. Mkono wake naukubali bila masharti. Maelezo yake chini ya picha ndiyo nayahoji.

Wapo waliomsahihisha kwa kuongeza kosa. Wanasema wa katikati ni mganga aliyepandwa, wenzake wanamtegemeza asianguke. Ufunguo huo unatoka kusini mwa Afrika, kwa Wasan. Mtafiti wa michoro ya miambani David Lewis-Williams aliujaribu kwenye michoro yetu mwaka 1986. Daraja linalotumika ni Wasandawe, majirani wa Kondoa, kwa kuwa lugha yao ina vidoko kama lugha za Wasan. Lakini wanaisimu wenyewe hawajakubaliana kwamba Kisandawe ni ndugu wa lugha hizo. Na hata undugu ungethibitika, ndugu hawaoti ndoto moja.

Nikiri: Eric ten Raa, aliyeishi na Wasandawe, aliandika habari za simbo, ngoma ambayo mchezaji hugeuka simba. Hoja hiyo ina uzito. Inathibitisha kwamba ngoma hiyo ipo. Haithibitishi kwamba kila aliyeshikwa mkono amepandwa.

Dada yangu alipoolewa, shangazi walimng’ang’ania mkono mmoja mlangoni, mawifi wakauvuta wa pili. Alilia, khanga ikamdondoka, kisha wote watano wakaangua kicheko. Mgeni aliyepita barabarani akatuuliza kama tuite polisi.

Sisemi wa Kolo ni bibi harusi. Nasema siku ya kawaida ina mvutano wa kutosha kujaza mwamba, na msomi asiyeijua siku hiyo huona ama jinai ama mizimu. Warangi wa Kolo bado hupanda kwenye mapango hayo kutambika. Wao ni wa kuulizwa kwanza, kabla ya vitabu vyetu, changu kikiwemo.

Ombi langu kwa Idara ya Mambo ya Kale ni dogo: mchoro huo uitwe “Watu Watano”. Hicho ndicho tunachokiona.